Suruali ya Pentekoste

Nyapara Brearley alikata kamba ya robota kwa kisu, akalipiga teke, na makoti yakamwagika sakafuni pamoja na vumbi lake.

"Haya, akina mama! Wafaransa wamerudi!" alipaza sauti. "Vifungo kwenye ndoo, mishono ikatwe, bitana kando. Na aliyechoka, mlango aliuona alipoingia."

Wanawake walivuta vitambaa vyao hadi puani wakasogea mezani. Yalikuwa makoti ya askari, ya rangi ya buluu, kutoka vita vya juzi vya Wafaransa na Waprusi. Vita vilikwisha, mkate ukapanda bei na haukushuka, na nguo za waliokufa na waliopona zikanunuliwa kwa mzani zikaletwa Batley, mji wa viwanda huko Uingereza. Mji ule hauna nguo kuukuu. Tambara likishuka stesheni hupanguliwa, husagwa na mashine ambayo watu wenyewe waliiita Ibilisi, huchanganywa na sufu mpya kidogo, hufumwa, na muungwana wa Leeds huvaa koti jipya kanisani bila kujua ni jasho la nani amelivaa.

Thirza Auty, mmoja wa wapanguaji, aliyatazama makoti yale. Aliyafahamu. Robota lile lilifunguliwa nusu, siku chache kabla ya Pentekoste, kisha likafungwa tena kwa sababu wanunuzi walitaka nguo nyeusi. Leo walitaka buluu.

"Mwanao Ezra anaendeleaje?" aliuliza Zillah Fearnley, jirani yake wa nyumbani na wa mezani.

"Hajambo kidogo. Ni surua tu."

"Surua gani hiyo inayoingia wiki ya pili? Mficha maradhi, shoga yangu, kilio humuumbua." Zillah alisema kwa utani, lakini macho yake hayakucheka. "Hata Phoebe wangu kaamka na homa leo. Anasema mgongo unamuuma kama bibi kizee."

"Itakuwa surua."

"Ndiyo. Itakuwa surua."

Katika Ua wa Kisima, walikoishi wote wawili, kila mtu mwenye mgonjwa alisema surua. Nyumba ikitajwa kuwa na ndui, mama wa nyumba hiyo haruhusiwi kukanyaga kiwandani, na wakati yeye yuko nje meza yake hupewa mwingine. Wapanguaji wenyewe walikuwa wamechanjwa kwa amri ya tajiri. Watoto waliachiwa wazazi wao, na baba yake Ezra, aliyekuwa akimlisha Ibilisi matambara hadi vumbi likampeleka yeye kaburini, alikataa katakata mwanawe kuguswa na sindano ya serikali. Alikufa na ukaidi wake, Mungu amrehemu.

Thirza alivuta koti, akapitisha mshono kwenye kisu kilichosimikwa mezani, akatupa mkono huku na kola kule. Vidole vyake vilifanya kazi bila kumuuliza. Moyo wake ulikuwa nyumbani, na zaidi ya hapo ulikuwa ukitafuta koti moja katika rundo lile, koti ambalo mkia wake haupo.

Aliukata yeye. Ezra alikuwa ametimiza miaka mitano na bado anavaa gauni, kama watoto wote wadogo wa kule, wa kike na wa kiume. Wenzake walikuwa wameshavishwa suruali, wakamwita Bibi Ezra, wakamfukuza kwenye gololi. Jioni moja alirudi analia, akasema hatakwenda kwenye maandamano ya watoto wa kanisa siku ya Pentekoste, afadhali ajifiche kwenye stoo ya makaa. Mjane wa kupangua matambara atatoa wapi suruali? Siku iliyofuata mkono wake uliangukia koti la afisa. Lilikuwa na sufu laini isiyokwaruza hata kidogo, na mkia wake haujachakaa. Ukifanya kazi ile miaka mingi, mkono hujua kitu kizuri kabla jicho halijaona. Aliukata ule mkia, akaufunga kiunoni chini ya sketi, akapita langoni akiwa amebana pumzi. Kwa wizi wa namna hiyo hakimu alikuwa akifunga mwezi mzima na kazi ngumu, awe mwizi ni mama wa mtu au la.

Aliishona usiku. Ilikuwa na mifuko miwili, na Ezra alilala ameingiza mikono humo.

Desturi yao ni kwamba mtoto akivishwa suruali ya kwanza huzungushwa kwa majirani. Kila nyumba humwita ndani, humgeuza huku na huku, humpapasa, humbeba, kisha humtia nusu peni mfukoni, kwa kuwa mfuko mpya ukibaki mtupu huleta nuksi. Asubuhi ya Pentekoste Thirza alitembea nyuma yake, gauni la zamani mkononi, na hakuwa amecheka hivyo tangu afiwe na mumewe.

Leo, kabla ya chai ya asubuhi, mlango wa ghorofa ulifunguliwa, akaingia Bwana Afya wa mji. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ngumu na leso iliyolowa siki. Alilipwa mshahara na halmashauri ya mji, na mwenyekiti wa halmashauri ndiye aliyekuwa mwenye kiwanda. Kwa hiyo alivua kofia hata kwa nyapara.

"Ua wa Kisima una ndui," alisema. "Sitaki kusikia habari za surua. Kwa Auty, mtoto. Kwa mzee Naylor, mjukuu. Kwa mjane Tempest, wote wawili. Ile nyumba iliyopakana na kisima. Na leo asubuhi, kwa Fearnley."

Zillah aliangusha koti, na nyapara akaashiria kwamba wenye wagonjwa wamalize siku ya leo, marufuku ianze kesho.

Thirza naye alisimama. Naylor, Tempest, nyumba ya kisimani, Fearnley. Zilifuatana vile vile alivyopita Ezra. Kwa akina Marsden, katikati, hawakuingia kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa, wenyewe wametangulia kwenye maandamano, na kwa akina Marsden hakukuwa na mgonjwa. Ndipo alipofahamu. Mtoto wake alikuwa amepeleka kifo nyumba hadi nyumba akiwa na furaha, na kila nyumba ilimshukuru ikamlipa.

"Matambara yetu yana cheti cha bandarini," alisema Brearley upesi, kabla hajaulizwa. "Yamefukizwa salfa. Na wanawake hawa wote wamechanjwa. Ukitafuta, bwana, tafuta kwa wageni. Pale uani kuna Muairishi amehamia tangu Pasaka. Umemwona uso? Matundu matupu!"

"Nimetoka kumhoji," alisema Bwana Afya. "Hakuwa na la kujibu."

"Honora?" Zillah alidakia. "Makovu yale ni ya utotoni, bwana! Ndiye anayewauguza watoto wetu sisi tukiwa hapa. Thirza, si ni mpangaji wako? Hebu sema!"

Bwana Afya alimgeukia Thirza. "Wewe ndiye Mama Ezra? Unajua lolote jingine ambalo lingeleta ugonjwa huu? Nguo, mgeni, chochote? Maana kama ni huyo mwanamke, ataondolewa leo hii. Atapelekwa nyumba ya maskini, kisha kwenye meli, arudishwe kwao."

Thirza alifungua kinywa. Mbele ya macho yake aliona askari, lango la jela, na Ezra akimwita kwenye chumba ambacho yeye hayumo. Honora ni mtu mzima, alijiambia. Kupelekwa kwao si kufa. Alijiambia hivyo na aibu ikampanda hadi masikioni.

"Sijui, bwana," alisema.

Zillah alimwangalia kwa mshangao, kisha akainama kuliokota koti.

Saa ya mlo wa mchana ilipolia, Thirza alishuka ngazi mbio, akakata uchochoro wa stesheni, akaingia ndani bila kufuta buti. Honora Tierney alikuwa ameketi kitandani, kichwa cha Ezra kifuani pake. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye uso uliochimbwachimbwa na macho ya upole. Alikuwa amemfunga mtoto mikono kwa vitambaa laini asijikune, na sasa alikuwa akivifungua.

"Vizuri umekuja, Mama Ezra," alisema polepole. "Mshike. Hahitaji tena kufungwa."

Uso wa mtoto haukuwa uso tena, ila macho tu. Thirza alimpokea. Alikuwa na joto, na mwepesi kupita kiasi.

"Mama."

"Niko hapa, baba."

"Naitaka suruali yangu."

Ilikuwa juu ya msumari ukutani. Thirza aliitazama ile buluu nzuri, akatamani kuichana kwa meno. Honora hakungoja kuambiwa. Aliishusha, akailaza juu ya blanketi, akauongoza mkono wa mtoto hadi ukapata mfuko. Ezra aliuingiza mkono taratibu. Alihesabu kwa vidole zile nusu peni zake, maana alikataa zitumike hata kwa maziwa, akatulia.

"Zipo zote?" aliuliza Thirza.

"Zipo."

Hakusema tena. King'ora cha kiwanda kililia kuwarudisha watu kazini, na wakati kinalia Thirza aliona kuwa, kati yake na mtoto, anapumua yeye peke yake. Alilia bila sauti, akajaribu kumpa mtoto uji, akamwita majina yote aliyomwita tangu kuzaliwa. Honora aliyafumba yale macho kwa kidole gumba, akapiga ishara ya msalaba, kisha akaenda kuweka sufuria ya maji jikoni.

Hawakuachwa hata waomboleze. Bwana Afya alifika na askari polisi mmoja na wazee wawili wenye ndoo za chokaa. Walisema pole mlangoni. Kisha wakasema kitanda, blanketi na nguo zote zichomwe, jeneza litakuja jioni, na hakuna kusindikiza maiti ya ndui.

"Na wewe," askari alimwambia Honora, "fungasha."

"Si yeye!" Thirza alisimama katikati ya chumba. "Ni mimi, bwana. Suruali hiyo nimeikata kwenye makoti ya kiwanda, ya askari wa vita. Mtoto akaingia nayo nyumba zote zile ulizozitaja. Nimeiba. Nifungeni mimi."

Bwana Afya aliitazama suruali, akarudi nyuma hatua. Kwa muda mfupi ilionekana kama anasadiki. Kisha akajifuta midomo kwa leso yake.

"Maneno mazito hayo, mama. Siwezi kuandika kwamba nguo za kiwanda zina ndui kwa sababu ya kilio cha mfiwa. Nyapara akithibitisha kwamba umeiba katika robota lake, hilo ni jambo jingine."

"Atathibitisha. Nisubirini."

"Mkokoteni wa kumchukua huyu hausubiri sana."

Thirza alirudi kiwandani akikimbia, nywele zimefumuka, na watu barabarani walimpisha. Sasa hakuwa na wa kumwogopea. Jela ilikuwa nyumba kama nyumba nyingine. Alipanda ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye rundo, akachimba kwa mikono miwili mpaka akalipata koti la afisa, lina mgongo na mikono lakini mkia hauna. Alilibeba hadi kwa Brearley.

"Huu mkia niliukata mimi, kabla ya Pentekoste. Nilimshonea Ezra suruali, na Ezra amekufa sasa hivi. Ndui imo kwenye haya makoti. Niite mwizi, Bwana Brearley. Twende ukamwambie Bwana Afya."

Mikono ilisimama kwenye meza zote. Chini yao Ibilisi aliendelea kunguruma.

Brearley alilitazama koti, kisha akatazama huku na huku. Hakuwa mtu katili, na uso wake ulikuwa umegeuka majivu. "Pole sana, Mama Ezra," alisema. "Mtoto alikuwa mzuri. Lakini wewe hukuiba kitu."

"Nimekuonyesha!"

"Askari hukata makoti yao wenyewe wafungie vidonda. Makoti mengi huja hayana mikia." Aliteremsha sauti. "Unajua unachokisema? Robota hili likichomwa, na yale mengine yaliyokuja nalo yatachomwa. Kiwanda kitafungwa. Utawalisha wewe hawa wote? Mimi nina watoto kama wewe."

"Kama mimi? Mimi sina."

Brearley alilikamata koti kwa ncha za vidole. Akalitupa kwenye kapu la kusagwa, akampungia mfanyakazi alichukue. Kapu lilishuka kwenye tundu la sakafu. Mngurumo ulizidi kidogo, ukarudi ulivyokuwa.

"Nenda ukamzike mwanao," alisema Brearley. "Jumatatu uje. Meza yako sitampa mtu."

Alikuwa amesamehewa. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale walimkata ujira kwa kuchelewa, kwa kukohoa, kwa kifungo kilichopotea, na leo aliposimama kudai adhabu yake, kiwanda kilikuwa na huruma. Thirza aliwageukia wenzake. "Mmesikia wote. Vumbi hili msiende nalo nyumbani."

Zillah alikuwa amesimama. "Ile ile suruali aliyokuja nayo kwangu?"

"Ile ile, Zillah."

"Nilimpakata." Alikuwa akiutazama mkono wake. "Phoebe aliuonea mfuko ule wivu. Akaomba ajaribu, akaingiza mkono wake mdogo humo. Tukacheka."

"Zillah, dada yangu..."

"Ondoka mbele yangu, Thirza. Tafadhali, ondoka kabla sijasema neno."

Thirza aliondoka. Nyuma yake alisikia kiti kikivutwa, na mshono ukichanika kwenye kisu, kisha mwingine. Mwenye mtoto mgonjwa anahitaji ujira wa leo kuliko mtu yeyote, na hilo Brearley alilijua vizuri.

Uani moto ulikuwa umeshawashwa, kitanda cha Ezra, ambaye sasa alilazwa juu ya meza ndani, kikiwa juu yake na ile buluu tayari imekuwa nyeusi. Mkokoteni ulisimama langoni. Honora alikuwa ameketi juu yake, furushi miguuni, mikono yake mikubwa imelala mapajani. Majirani waliangalia kupitia madirishani. Mjane Tempest, ambaye wanawe wawili Honora aliwauguza jana yake, alifunga pazia.

"Kiwanda kinasemaje?" aliuliza Bwana Afya.

Thirza alikuwa akihema. "Wanasema sikuiba."

"Basi hukuiba, mama. Sheria haiwezi kukulazimisha uwe mwizi." Alivaa kofia yake. Alionekana kufarijika.

Thirza alilishika gurudumu, kisha akaushika mkono wa Honora. Alitaka kupiga magoti lakini gurudumu lilimzuia.

"Honora, asubuhi waliniuliza. Nilikuwa nimeshajua kila kitu, nikasema sijui. Niliwaacha wakutaje wewe. Suruali niliikata mimi."

"Najua, mwenzangu."

"Hujui..."

"Ezra aliniambia siku ile ile ya Pentekoste. Alikuja kuninong'oneza, 'Mama amekata koti la askari, usimwambie mtu.'" Honora alitabasamu kidogo kwa kumkumbuka. "Alipougua, nikaanza kuelewa. Na walipokuja wengine, nikaelewa zaidi. Leo huyu bwana aliponihoji, jibu lilikuwa mdomoni."

"Mbona hukulitoa?" Sauti ya Thirza ilipasuka. "Honora, mbona hukunitaja?"

"Wangekukamata hapo hapo. Na mtoto alikuwa anakuita wewe. Hakuwa akiniita mimi."

Askari aligonga ubavu wa mkokoteni na farasi akavuta. Thirza alitembea nao hadi kona ya stesheni, ameushikilia ule mkono, mpaka askari akamwambia inatosha sasa.

"Rudi nyumbani," alisema Honora kutoka juu. "Maji ya kumwosha nimeyaacha jikoni. Yatakuwa yameshapata moto."